Mlango Tuliousafirisha kwa Treni

Simu iliingia shangazi yangu akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya zizi la ng'ombe, maana kwetu mtandao unapatikana hapo tu. Aliyepiga alikuwa binti yake, ambaye ameolewa huko bondeni, kupita Korogwe kidogo, kwenye nyumba zilizo jirani na reli. Kimbunga kilikuwa kimetoka baharini na kuipiga pwani. Kilipofika kwao kilikuwa kimeshachoka, watu wanasema, lakini hata kikiwa kimechoka kiling'oa miti na kubeba mabati, kisha mvua ikaja nyuma yake na kumalizia. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tunapata habari za binti huyo kwa kuunganisha unganisha, huyu kasikia kwa yule.

Sasa sauti yake mwenyewe ikaja, imekatika katika.

"Mama, tuko wazima wote. Nyumba, umebaki mlango tu."

Kisha simu ikazima.

Shangazi akashuka kwenye ndoo uso umetulia kama mtu aliyetoka kupokea chakula cha Bwana. Akatutangazia tuliokuwa uani: wako wazima, nyumba imeshatengenezwa, umebaki mlango tu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ile ndoo, nilisikia maneno yale yale kwa masikio yangu, na nilielewa kama alivyoelewa yeye. Hakuna aliyeuliza swali.

Kwetu ni Rombo, juu ya mji wa Mkuu, na ukoo wetu haukawii kukutana. Tukakutana siku hiyo hiyo. Baba mkubwa, ambaye ni seremala tangu ujana wake, alisikiliza, akapanda darini, akaanza kuteremsha mbao za mringaringa. Wote tulizijua mbao zile. Alikuwa amezikausha miaka mingi kwa ajili ya jeneza lake.

"Kaka, hizo si zako?" shangazi akamwuliza.

"Ni zangu. Sina haraka."

Akatengeneza mlango ambao sijawahi kuona mfano wake katika nyumba ya mtu wa kawaida. Ulikuwa mnene, una bawaba tatu na vitasa viwili, na kuuinua ilibidi wanaume wawili wakubaliane kwanza. Alisema kama upepo uliochukua mlango wa kwanza una nia ya kurudi, basi urudi ukutane na huu.

Jumapili tukaupeleka kanisani uombewe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande. Kwetu, ibada ikiisha, vitu vilivyotolewa sadaka vinanadiwa nje: mikungu ya ndizi, mayai, maziwa, kuku. Sisi tulikuwa tumeuegemeza mlango ukutani, jirani na mikungu ya ndizi, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Mzee wa kanisa anayenadi ameifanya kazi hiyo muda mrefu, na nadhani haangalii tena anachokinadi. Aliuza mayai, akauza mkungu, akauza jogoo, akauza mlango wetu. Aliyeununua ni mfanyabiashara wa maziwa, naye aliulipia kwa furaha, akaanza kuwaita vijana wambebee.

Shangazi alimfuata hadi kwenye gari lake. Sikusikia walichozungumza, ila niliona yule bwana akivua kofia, halafu akaurudisha mlango mbele ya mnadi na kusema anautoa sadaka kwa waathirika wa kimbunga. Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaimba. Mchungaji ikabidi auombee mara ya pili, kwa kuwa sasa alikuwa anauombea ukiwa sadaka.

Mimi nilichaguliwa kumsindikiza shangazi kwa sababu ya mgongo wangu. Ni mpagazi, napandisha mizigo ya wageni mlimani, na msimu ule wa mvua wageni hawakuwapo. Ukoo uliona Mungu ameniacha bila kazi makusudi.

Tulipanda gari dogo la mizigo hadi Moshi. Pale Kiboriloni tulisimama dereva anunue vocha, ikawa siku ya soko, na kabla hajarudi watu wanne walikuwa wameshaugonga mlango kwa vidole kuusikiliza na kuuliza bei. Shangazi aliwajibu kila mmoja kwa upole kwamba hauuzwi, ulishauzwa kanisani.

Basi lilitukataa. Kondakta aliuangalia mlango, akamwangalia shangazi, akasema, "Mama, huu ukipanda, basi litakuwa na milango mitatu, trafiki atauliza." Ndiyo maana tukaenda stesheni.

Treni ilikuwa iondoke jioni, lakini huko chini njia ilikuwa bado inafanyiwa matengenezo baada ya maji kuila, kwa hiyo tuliambiwa itaondoka asubuhi ili ipite sehemu zile mbaya mchana. Behewa la mizigo lilijaa mablanketi na mabati ya watu wa bondeni. Bwana mmoja wa stesheni, baada ya kuuzunguka mlango mara kadhaa, alituambia tuingie nao daraja la tatu, tutajuana na mkaguzi wa tiketi huko huko ndani.

Tuliulaza juu ya viti viwili vinavyotazamana. Shangazi akaufunika kwa kitenge usipate mikwaruzo. Kwenye kona iliyobaki akakaa mzee mmoja wa Moshi mjini, fundi cherehani, Mwislamu mwenye kofia safi iliyodariziwa, anayekwenda Korogwe kumwangalia mama yake. Alitusalimu vizuri, akakunja miguu yake chini ya mlango, akatoa kitambaa na sindano na kuanza kupindia pindo kama vile hakuna jambo lolote lisilo la kawaida.

Mkaguzi alifika tulipokuwa tumeshaliacha shamba la miwa la nje ya Moshi. Alikuwa kijana mwenye adabu sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hiki kilichofunikwa ni nini?"

"Mlango."

Akainua pembe ya kitenge akatazama, akaishusha polepole.

"Huu ni mzigo, mama. Mzigo hauruhusiwi kukalia kiti cha abiria."

"Behewa la mizigo limejaa. Mwenzenu ndiye aliyetuambia tuje huku."

"Basi siwezi kuuandika kama mzigo, kwa sababu uko kwenye viti. Na siwezi kuuandika kama abiria, kwa sababu..." Akaishia hapo. Niliona jambo lile linamtesa kweli kweli.

Fundi cherehani hakuinua macho kwenye pindo lake. "Mwandike mgonjwa," alisema. "Marehemu baba nilimsafirisha hivi hivi, amelala, amefunikwa kitenge. Alipewa viti vyote viwili na hakuna aliyesema kitu."

Mkaguzi akafikiri. "Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumwuguza."

"Ni mimi," alisema shangazi.

"Haya, mama. Pole."

Toka hapo, kila alipopita kwenye njia ile alisimama na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Na shangazi, ambaye katika maisha yake hajawahi kumdharau mtu mwenye sare, alimjibu kila mara, "Anaendelea vizuri, Mungu ni mwema." Sikuona hata mmoja wao akitabasamu.

Tatizo la neno kama hilo ni kwamba halikai behewa moja. Kabla ya Same alikuja mama mmoja kutoka mabehewa ya mbele, ameshika machungwa ndani ya mfuko, kaambiwa huku kuna mwuguzaji aliyetoka Rombo na mgonjwa wake. Alimshika shangazi mkono, akampa pole, akaangalia kile kitenge kilivyonyooka tambarare bila dalili ya kichwa wala miguu, akafumba macho na kuanza kuomba. Aliomba kwa muda mrefu, akataja mifupa. Mimi na fundi tulitazama chini. Shangazi aliitikia amina kwa sauti, na mama yule alipoondoka nikamwuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Angeaibika," alisema. "Na maombi hayapotei. Kama mlango hauyahitaji, yatakwenda mbele."

Tukala machungwa. Tuliyamenyea juu ya mlango, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kuyawekea.

Baada ya milima ya Upare kutusindikiza na kuchoka, tukaanza kuona kazi ya ile mvua. Nilikuwa nimejiandaa kuona huzuni, na huzuni ilikuwapo; kuna mahali makaburi yalikuwa mapya na mengi kuliko nyumba. Lakini mambo mengine sikujua niyapokee vipi. Mashamba ya mkonge yalikuwa na maji katikati ya mistari, na ndani ya maji yale bata walikuwa wanaogelea kwa foleni, safu kwa safu, kama wanakagua. Bati moja lilikuwa limejikunja juu ya mti na ndege wameshajenga chini yake. Kanisa moja lisilo na paa lilikuwa na kengele yake, na mtu alikuwa anaipiga. Kwenye kituo kimoja kidogo, pembeni kabisa ya reli, seti nzima ya sofa ilikuwa imeanikwa ikauke, imepangwa kama iko sebuleni, meza ndogo katikati na kitambaa chake cha kufuma. Baba mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye sofa kubwa anakunywa chai. Treni iliposimama mbele yake, alitukaribisha.

"Karibuni," alisema kwa abiria wote.

"Ahsante, tumeshapita," tukajibu, watu wa madirisha yote.

"Basi msalimie huko mwendako."

Na treni ikaondoka. Fundi cherehani alikunja kitambaa chake kwa mara ya kwanza tangu Moshi, akageuka kumtazama yule bwana hadi alipopotea. "Yule amelelewa," alisema.

Kupita Mombo treni ilisimama porini. Tuliambiwa tushuke wote na mizigo yetu. Mbele, maji yalikuwa yamekula tuta la reli, mafundi walikuwa bado wanajaza mawe, na upande wa pili kulikuwa na treni nyingine inayotusubiri. Ilikuwa tutembee kipande kile kwa miguu, pembeni ya tuta. Watu wakashuka na magunia, na mitungi, na watoto mgongoni. Mimi na fundi tukamshusha mgonjwa.

Alikuwa mzee kuliko nilivyofikiri, yule fundi, na mlango ule ulikuwa mlango wa baba mkubwa. Tulikwenda hatua chache, tunapumzika, tunakwenda tena. Abiria wakatupita wote. Tulipowafikia tuliwakuta wamejazana mahali pamoja, wanatazama chini. Njia ilikuwa imekatwa na mfereji wa maji ya matope, mpana kuliko mtu anavyoweza kuruka akiwa na gunia. Mafundi wa reli walikuwa wameweka ubao wa kupitia, lakini ubao ule ulikuwa umevunjika chini ya bwana mmoja mnene aliyekuwa sasa amekaa kando, analowesha leso na kujifuta.

Umati wote ukageuka, ukatuona tunakuja na mlango.

Hakuna aliyeomba. Nadhani hata kuomba waliona haya. Walimtazama tu shangazi. Naye akautazama mfereji, akautazama mlango, akauvua kitenge na kukikunja vizuri.

"Uwekeni," alisema. "Ila uso wake ulale chini, usikanyagwe usoni."

Tukaulaza. Ulifika ng'ambo, ukabaki na nafasi. Mtu wa kwanza kupita alikuwa fundi cherehani, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi. Alivua viatu, akavishika mkononi, akasimama ukingoni. Kisha akasita.

"Mama, ni mlango wa mtu," alisema. "Hodi?"

"Karibu, baba," akajibu shangazi.

Akapita.

Aliyemfuata alikuwa mwanamke mwenye mtungi kichwani. Naye alikuwa amesikia, na sijui ni nini kilimpata, akasimama pale pale. "Hodi?" "Karibu, mama." Akapita. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kupita bila hodi. Walipanga mstari. Wanaume wazima na mikoba ya ofisi, wanafunzi, yule mama wa machungwa, ambaye alimtambua shangazi na kuuliza mgonjwa yuko wapi. Shangazi akamwambia ameinuka. Yule mama akainua mikono juu na kushukuru, akapita huku analia. Askari mmoja aliyekuwa likizo alisema hodi na kusubiri, na shangazi alikuwa ameinama anakohoa, basi askari akasema hodi tena, ya pili, akangoja ya tatu kama inavyotakiwa. Behewa zima likapita, na la pili, na la tatu. Sauti ilimkauka shangazi, mwishoni alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Wa mwisho alikuwa mkaguzi. Alivua kofia yake ya kazi.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu," shangazi alijikaza.

Ng'ambo aligeuka, akautazama ule mlango uliojaa nyayo za matope. "Sasa kule kwenye treni ya pili nitauandikaje?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Hakuhitaji kuandika kitu. Kwenye treni ile nyingine kila mtu aliujua mlango. Walitupisha mbele, wakausimamisha mwisho wa behewa, na mtu aliyetaka kwenda chooni alikuwa anautolea salamu.

Fundi aliagana nasi Korogwe. Alimwambia shangazi, "Mama, salimia nyumba." Shangazi akamjibu kwa Kichagga, "Aika," halafu akakumbuka na kumwambia ahsante. Tulimwona akishuka jukwaani polepole, mkono mmoja kiunoni.

Kituo chetu kilikuwa kinachofuata, jua likiwa bado lipo. Dada, yaani binti wa shangazi, alikuwa anatusubiri na mume wake. Alimkumbatia mama yake, akalia kidogo, akanisalimu. Kisha akaona wanaume wawili wa treni wanateremsha mlango.

"Mama, huo ni nini?"

"Mlango wenu. Kaka yangu ametoa mbao za jeneza lake."

Dada akamtazama mume wake. Mume wake akaangalia ardhi. Shemeji yangu ni mtu mpole, Mzigua asiyependa kumkosea mkwe.

"Mama," dada alisema, "mlango tunao."

"Ulisema umebaki mlango tu."

"Ndiyo. Ndio uliobaki."

Tulitembea kwenda kwao, mimi na shemeji tumeubeba mlango, dada na mama yake mbele. Haikuwa mbali. Palikuwa na uwanja uliofagiliwa vizuri. Pembeni kulikuwa na turubai la msaada lililofungwa kwenye miti, mahali walipokuwa wanalala. Na katikati ya uwanja, bila paa, bila ukuta, bila kitu kingine chochote, ulisimama mlango wa bluu ndani ya fremu yake. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Shemeji akatua upande wake, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua. Akausukuma mlango ule, akasimama pembeni.

"Karibu ndani, mama," alisema.

Nilidhani shangazi atalia. Alisimama pale kwa muda, mkoba wake umening'inia mkononi, anatazama kupitia mlangoni uwanja ule ule uliokuwa unaonekana pande zote. Kisha akasema, "Hodi," akaingia. Sisi tukamfuata, mmoja mmoja. Dada alipita wa mwisho akaurudishia nyuma yake.

Ndani, kama naweza kupaita hivyo, shangazi alikaa kwenye kigoda na kumwuliza mkwewe kwa nini wanafunga kufuli.

"Mazoea, mama. Siku ya kwanza nilifunga kabla sijafikiri. Siku ya pili niliona nikiacha wazi, ndiyo nitakuwa nimekubali."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia hoja nzuri. Ndipo alipoanza kucheka. Alicheka bila sauti, kwa kuwa sauti alikuwa ameiacha kwenye mfereji, mabega yanatikisika, machozi yanamshuka, na dada akaanza, na mimi nikaanza, na mwishowe shemeji, kwa adabu, akiwa amegeuka pembeni.

Kesho yake shangazi alimwita fundi wa kujenga. Fundi yule alisema katika kazi yake hajawahi kuona nyumba inayoanzia milangoni, na kwamba kanuni ni msingi. Shangazi akamwambia msingi anauheshimu, lakini milango imeshafika. Basi tukachimba msingi kufuata milango: wa bluu mbele pale pale ulipokuwa, wa mringaringa nyuma, ukiwa umesimamishwa kwa magogo. Kwa siku nyingi ndivyo kiwanja kilivyokuwa, milango miwili inayotazamana. Watoto wa jirani waliingia huku na kutokea kule kuanzia asubuhi, na hakuna aliyepita pembeni.

Mimi nilikaa hadi matofali yalipofika magotini, kisha wageni wakaanza kurudi mlimani nikaitwa kazini. Shangazi alibaki. Alimpigia baba mkubwa na safari hii alisema kila neno mara tatu: hakuna kuta, hakuna paa, leteni mabati. Baba mkubwa akauliza kwanza kama mlango ulifika salama. Alipojibiwa kwamba ulifika, akasema mabati yatakuja, na yakaja, kwa lori.

Jumapili kabla sijaondoka shangazi alitaka kuwapikia mtori, ile supu yetu ya ndizi mbichi na nyama, majirani waliosaidia kuchimba. Ndizi tulizobeba kutoka Rombo zilikuwa zimeiva kwa joto la kule, njano kabisa, lakini yeye hakukubali kutupa chakula. Akapika mtori wa ndizi mbivu na nyama. Ulikuwa mtamu kama uji wa sukari, na mifupa ndani yake. Majirani walionja na kushukuru. Shemeji alikula bakuli lote, akaomba jingine, kwa heshima tu. Nilimwona akifumba macho kila anapomeza.

Nyumba imekwisha sasa, ina watu na ina mapazia. Kila mwaka shemeji anapopanda Rombo kututembelea, shangazi anaweka ndizi darini wiki nzima ziive, kisha anampikia ule mtori wake. Mzigua wa watu anakula mabakuli mawili, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuthubutu kumwambia shangazi kwamba chakula cha namna ile hakipo popote.